Jedwali la makundi likigoma: tatizo liko safu gani?

Jedwali la marudio lenye makundi lina safu nne au tano tu, na hesabu zake ni kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Hata hivyo ndilo linalowafanya wanafunzi wa kidato cha pili wafute daftari hadi karatasi itoboke, na likirudi kidato cha nne pamoja na mediani na robo zake, wanafuta tena. Sababu kubwa ni kwamba dalili hujitokeza safu za kulia, ilhali chanzo kiko kushoto. Mtu anaona wastani umekaa vibaya, anaanza kuishuku fomula, anabonyeza kalkuleta upya, na fomula haina kosa lolote. Kosa ni mipaka ya makundi aliyoiandika mwanzo kabisa. Kwa hiyo dalili zote hapa chini tutazifuata kinyumenyume, kutoka kulia kwenda kushoto.

Tutatumia data moja karibu mwanzo hadi mwisho. Chukulia wanafunzi 40 wakaao Likoni na kusoma ng'ambo, kisiwani Mombasa. Kila mmoja ameandika dakika alizotumia kuvuka feri asubuhi moja, tangu aliposimama kwenye foleni hadi aliposhuka upande wa pili, akaikaribisha hadi dakika nzima iliyo karibu. Namba ni za mazoezi, nimezitunga mwenyewe, kwa hiyo usizipeleke kokote kama malalamiko.

34 21 46 30 18 27 39 52 25 33
12 35 41 28 30 23 58 37 19 24
45 31 14 36 20 48 29 34 55 15
38 26 43 22 32 50 17 35 40 25

Na hili ndilo jedwali likiwa zima, halina hitilafu (marudio limbikizi ni jumla ya marudio tangu kundi la kwanza hadi kundi hilo):

| Dakika | Marudio (f) | Katikati ya kundi (x) | fx | Marudio limbikizi |
|---|---|---|---|---|
| 10–19 | 6 | 14.5 | 87 | 6 |
| 20–29 | 11 | 24.5 | 269.5 | 17 |
| 30–39 | 13 | 34.5 | 448.5 | 30 |
| 40–49 | 6 | 44.5 | 267 | 36 |
| 50–59 | 4 | 54.5 | 218 | 40 |
| Jumla | 40 | | 1290 | |

Jumla ya marudio imezidi idadi ya data

"Mwalimu, nimehesabu mara mbili, napata 45."
"Makundi yako umeyaandikaje?"
"10–20, 20–30, 30–40, hivyo hivyo mpaka 60."
"Haya, aliyetumia dakika 20 umemweka wapi?"
"Hapa… na hapa pia."

Ndiyo hiyo. Makundi yanayogawana ncha humhesabu mtu wa nchani mara mbili. Uzuri wa kosa hili ni kwamba linajitaja lenyewe: ziada ya jumla ni sawa na idadi ya namba zilizokaa kwenye ncha. Katika data yetu 20 imo mara moja, 30 mara mbili, 40 mara moja na 50 mara moja. Jumla ni tano, na 45 kutoa 40 ni tano. Ukiona zimelingana hivyo, usiguse kitu kingine. Andika upya safu ya kwanza, ama 10–19, 20–29 na kuendelea, ama "10 hadi chini ya 20".

Ziada isipolingana na namba za nchani, kosa ni la vijiti, yaani zile alama za kuhesabia. Mara nyingi limetokana na namna ya kuhesabu: mwanafunzi anachukua kundi la kwanza, anapekua data yote akitafuta namba zake, kisha kundi la pili, anapekua tena. Kwa njia hiyo kuruka namba au kuirudia ni rahisi mno. Pita kwenye data mara moja tu, namba baada ya namba, kila moja uitie kijiti kwenye kundi lake na kuikata kwa penseli hapo hapo. Kijiti cha tano kilaze juu ya vinne vilivyotangulia.

Jumla imepungua

Kwanza shuku vijiti, kama hapo juu. Lakini data ikiwa na desimali, shuku pengo baina ya makundi. Chukua samaki waliopimwa kwenye mizani ya dijitali: tafi, changu, kolekole. Makundi yameandikwa kilo 1.0–1.4, 1.5–1.9, 2.0–2.4. Kwa macho yamekaa sawasawa. Sasa anakuja changu wa kilo 1.45. Hana pa kwenda, na anayejaza jedwali ama humruka ama humtupia kundi lililo karibu bila kusema.

Kanuni ni kwamba mipaka iandikwe kwa desimali zile zile za data. Mizani ikitoa desimali mbili, makundi yawe 1.00–1.49, 1.50–1.99. Kama hupendi utitiri wa tarakimu, tumia "1.0 hadi chini ya 1.5" na pengo halitakuwepo kamwe. Binafsi napenda mtindo huu wa pili kwa kila kitu kinachopimwa, na ule wa 10–19 nauachia vitu vinavyohesabiwa mojamoja, kama magoli au watoto. Mtihani hata hivyo huleta mtindo wowote, kwa hiyo izoee yote miwili.

Mkono unasema hivi, kompyuta inasema vingine

Umehesabu kwa mkono ukapata 6, 11, 13, 6, 4. Ukaingiza data ile ile kwenye kompyuta ukiipa mipaka 10, 20, 30, 40, 50, 60, ikakujibu 7, 12, 12, 6, 3. Jumla bado ni 40, hakuna aliyehesabiwa mara mbili, na kompyuta haijakosea. Tofauti ni ncha kupewa kundi la upande gani.

Kitendakazi FREQUENCY cha Excel na cha LibreOffice Calc hutia ncha ya juu ndani ya kundi: 20 inaingia kundi la chini, pamoja na 12 na 19. Histogramu ya lugha ya R hufanya hivyo hivyo usipoiagiza vingine. Maktaba ya numpy ya Python hufanya kinyume: 20 inakwenda kundi la juu, isipokuwa kundi la mwisho ambalo hubeba ncha zote mbili. Kwa hiyo wanafunzi wawili waliokaa meza moja, kila mmoja na programu yake, wanaweza kubishana mchana kutwa na wote wako sahihi.

Ubishi huu una uzito. Kwenye jedwali la mkono, kundi lenye marudio mengi ni 30–39 peke yake. Kwenye la Excel, makundi mawili yamefungana kwa 12. Swali la "taja kundi la modi" limepata majibu mawili. Ukitaka FREQUENCY ikubaliane na mkono wako, ipe ncha 19, 29, 39, 49, 59.

Mediani imetoka vibaya

Hapa ndipo alama nyingi hupotea, basi tukae kidogo. Data ni 40, nusu yake 20. Marudio limbikizi yanapita 6, 17, 30, kwa hiyo mtu wa 20 yumo kundi la 30–39. Mpaka halisi wa chini wa kundi hilo ni 29.5, waliotangulia ni 17, marudio ya kundi ni 13 na upana ni 10:

29.5 + (20 − 17) ÷ 13 × 10 = 31.81

Jibu lako likiwa tofauti, liangalie limetofautiana kwa kiasi gani.

Ukipata 32.31, umezidi kwa nusu kamili. Umeanzia 30, yaani mpaka ulioandikwa, badala ya 29.5. Dakika zilikaribishwa, kwa hiyo aliyetumia dakika 29 na sekunde 40 ameandikwa 30 na yumo ndani ya kundi hili. Kundi linaanza pale anapoanzia yeye.

Ukipata 31.58, upana wako ni 9. Umetoa 30 kutoka 39. Toa mipaka halisi, 39.5 kutoa 29.5, au toa mwanzo wa kundi kutoka mwanzo wa kundi linalofuata, 40 kutoa 30. Anayehesabu kwa vidole, 30, 31, 32 mpaka 39, anapata kumi bila fomula yoyote.

Ukipata 21.81, hata usiitafute kalkuleta. Mediani ya kundi la 30–39 haiwezi kukaa kwenye 21. Umechukua marudio limbikizi ya kundi lenyewe, 30, badala ya yale yaliyotangulia, 17, na mabano yakatoka hasi. Mabano yakitoka hasi, umekosea mstari. Jibu likivuka mpaka wa juu wa kundi, umeteua kundi lisilo lake.

Ukiwa na jedwali la Excel la 7, 12, 12, 6, 3, kuna mtego wa ziada. Kundi linaloitwa 30–40 pale kwa kweli limebeba 31 hadi 40, kwa sababu 30 imekwenda chini. Mpaka wake halisi wa chini ni 30.5. Mediani ni 30.5 + (20 − 19) ÷ 12 × 10, yaani 31.33. Ukizipanga data zenyewe, mtu wa 20 ana 31, wa 21 ana 32, na mediani ya kweli ni 31.5. Majedwali mawili tofauti yameikaribia, moja kutoka juu na jingine kutoka chini.

Wastani umetoka vibaya

Jibu sahihi la jedwali ni 1290 ÷ 40 = 32.25.

Ukipata 258, umegawanya kwa 5, idadi ya makundi. Hakuna aliyefika dakika 60, vipi wastani uwe 258? Ukipata 34.5, umejumlisha safu ya x na kugawanya kwa 5, marudio umeyasahau kabisa, na kundi la watu 4 umelipa uzito sawa na la watu 13. Ukipata 27.75, umetumia mwanzo wa kila kundi badala ya katikati yake.

Jibu lenye utata ni 36.75, kwa sababu lina wazazi wawili. Linapatikana ukitumia mwisho wa kila kundi, 19, 29, 39, badala ya katikati. Linapatikana pia kwa njia ya wastani wa kukisia: ukichagua 34.5, tofauti ni −20, −10, 0, 10, 20, zikizidishwa na marudio zinajumlika kuwa −90, na −90 ÷ 40 ni −2.25. Aliyeiangusha alama ya kutoa anajumlisha 2.25 kwenye 34.5, naye anafika 36.75 pale pale. Kwa hiyo ukimsahihishia mwenzako ukaliona jibu hili, soma kazi yake kabla ya kumwambia kosa. Njia ile ile ya kukisia huzaa 34.275 pia, kwa anayezigawanya tofauti kwa 10 ili ziwe ndogo kisha akasahau kurudisha ile 10 mwishoni.

Wastani wa jedwali haulingani na wa data zenyewe

Hili halina dawa kwa sababu si kosa. Jumla ya data zetu 40 ni 1287, wastani 32.175. Jedwali limesema 32.25. Ukishaziweka namba kwenye kundi, umekubali kumchukulia kila mtu wa kundi kana kwamba yuko katikati. Kundi la kwanza wastani wake wa kweli ni 15.83, sisi tumeliita 14.5. La mwisho ni 53.75, tumeliita 54.5. Makosa ya juu na ya chini yamelipana, imebaki tofauti ndogo.

Hayalipani siku zote, na hapo kuna jambo la kuangalia. Ukiwauliza watu kwa mdomo wametumia dakika ngapi, hawatakwambia 23 wala 41. Watasema robo saa, ishirini, nusu saa, arobaini. Data inarundikana kwenye sufuri na tano. Ikirundikana kwenye 20, 30, 40, basi kila rundo liko mwanzoni mwa kundi la 20–29 au 30–39, na kuliita 24.5 au 34.5 ni kulipandisha. Wastani unapaa. Panga makundi upya ili rundo likae katikati: 15–24, 25–34, 35–44. Kwa saa ya kupimia usingehitaji haya yote, lakini nani anaanzisha saa ya kupimia akiwa kwenye msukumano wa asubuhi pale Likoni?

Umri: kila kitu kimepungua kwa nusu mwaka

Kanuni ya kupunguza 0.5 na kuongeza 0.5 hukaririwa hadi ikageuka ibada, kisha inapelekwa kwenye umri na kuharibu. Umri haukaribishwi, hukatwa. Mtoto wa miaka 14 na miezi 11 huandikwa 14. Kwa hiyo kundi la 10–14 linaanzia 10 kamili na kuishia anapotimiza 15. Mipaka halisi ni 10 na 15, katikati ni 12.5. Aliyeandika 9.5 na 14.5 amepata katikati ya 12, na wastani wake wote umeshuka kwa nusu mwaka.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa. Mpunguzie kila mmoja nusu mwaka kwa kosa hilo, umewafutia watu miaka zaidi ya 604,000 ya kuishi.

Hata dakika zinaweza kuwa hivi. Kama wale wanafunzi walisoma simu ikaonyesha 34:50 nao wakaandika 34, data imekatwa. Kundi la 30–39 linaanzia 30 kamili, na ile mediani ya 32.31 tuliyoiita kosa ndiyo inakuwa sahihi. Uliza namba zilipatikanaje kabla ya kugusa 0.5.

Histogramu ina sura isiyoeleweka

Upau mmoja mpana umekuwa mrefu kupita kiasi. Mtu ameunganisha makundi mawili ya mwisho kuwa 40–59 lenye marudio 10, kisha akauchora upau wa urefu wa 10, karibu na ule wa 20–29 wenye 11. Jicho linasema kuna umati wa watu waliochelewa, na umati huo haupo. Kwenye histogramu kinachosomwa ni eneo. Makundi yakitofautiana upana, gawanya marudio kwa upana: 11 ÷ 10 ni 1.1, lakini 10 ÷ 20 ni 0.5. Upau mpana unalala chini, mahali pake.

Vilima viwili vilivyoachana kwa saa sita. Hili hutalikuta kwenye vitabu vya Uingereza, lakini huku kwetu ni la kawaida. Umewauliza wanafunzi wanatoka nyumbani saa ngapi. Mmoja ameandika 12:30, kwa maana ya saa kumi na mbili na nusu alfajiri. Mwenzake waliyetoka naye mlango mmoja ameandika 6:30. Jedwali linaonyesha kundi moja kati ya 6 na 7 na jingine kati ya 12 na 1, na katikati sufuri tupu. Usitafute maelezo ya kijamii. Rudi kwenye karatasi za majibu, badilisha zote ziwe mtindo mmoja, na safari nyingine mtindo wenyewe uandikwe juu ya safu kabla karatasi hazijagawiwa.

Safu nyingi zenye sufuri, au kinyume chake, karibu kila mtu kwenye kundi moja. Upana haufai. Mwaka 1926 Herbert Sturges alipendekeza idadi ya makundi iwe 1 + 3.322 × logi ya idadi ya data. Kwa data 40 inatoka kama 6.3. Sisi tumetumia matano kwa sababu upana wa 10 ni rahisi kusomeka, na hakuna atakayekushtaki. Ni kipimo cha kuanzia tu.

Mchoro wa limbikizi unatoa mediani pungufu kwa 5

Umeweka nukta juu ya katikati ya makundi. Marudio limbikizi 17 maana yake watu 17 wamekwisha kufikia 29.5. Ukiiweka nukta hiyo juu ya 24.5, mchoro wote unasogea kushoto kwa nusu ya upana, na mediani inasomeka 26.8. Nukta zikae juu ya mipaka halisi ya juu, 19.5, 29.5 na kuendelea, na mchoro uanze kwenye 9.5 ukiwa na sufuri. Mchoro ukipanda kisha ukashuka, umechora marudio ya kawaida, hukulimbikiza.

Kundi la mwisho ni "60 na zaidi"

Halina katikati, basi wastani hauna msingi. Toa mediani. Ukilazimishwa wastani, sema wazi kundi hilo umelifunga wapi.

Makundi yamegeuka tarehe

Umeandika 5-9 kwenye Excel, ikageuka siku ya mwezi. 10-12 nayo hivyo hivyo. Safu za chini, kama 40-49, zikabaki salama, na ndiyo maana watu hawagundui mpaka grafu inapopanga makundi ovyo. Kubadilisha muundo wa seli kuwa maandishi baada ya tukio hakurudishi 5-9, kutakuonyesha namba ya tarakimu tano ambayo programu hutumia kuhesabia siku. Futa seli, weka muundo wa maandishi kwanza, ndipo uandike upya.